Kibodi ya ofisini inakula E, D, C na namba 3. Ukiipiga kofi inapona

BintiShimanzi | Jumatatu, saa 3 asubuhi

Salaam wanajamvi. Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya kliaringi, ya kuwatolea wateja mizigo bandarini, huku Shimanzi, Mombasa. Tuko watano na kompyuta tano, zote ex-UK, yaani zilitumika kwanza Uingereza, zililetwa pamoja kabla mimi sijaajiriwa. Yangu ndiyo kongwe lao. Ina Windows 7 na haiguswi, maana ndiyo iliyobeba programu ya hesabu za wateja, na aliyeitengeneza programu yenyewe hapatikani kwa simu wala kwa ndugu zake.

Tangu wiki jana kibodi inakula herufi. Si zote, ni E, D, C na namba 3 tu. Nikiandika DELIVERY ORDER inatoka LIVRY ORR. Ijumaa mteja kaingiza gari aina ya Mercedes, mimi macho yako kwenye makaratasi, naandika mbio, ankara ikatoka imeandikwa MRS. Bosi akaishika, akaigeuza, akaniuliza huyu Bibi ni nani na mbona hana jina.

Nilichofanya mpaka sasa: nimeichomoa na kuirudisha kama mara nne, mashine ikiwa inawaka. Nimeipuliza. Nimeipindua nikaipiga mgongoni, zikatoka punje za wali, pini za stepla na kitu nadhani ni ganda la njugu. Hakuna kilichobadilika. Ila kuna ajabu moja: nikiipiga kofi pale juu upande wa kulia, karibu na zile taa tatu, herufi zote nne zinarudi. Dakika tano, kumi, halafu zinakwenda zake tena. Jirani yangu wa meza ameanza kuhesabu makofi.

Waya wake si USB, una kichwa cha duara cha rangi ya zambarau. Ubovu uko kwenye kibodi, kwenye kompyuta, au ni mimi?

Chipukizi_Buxton | Jumatatu, saa 3 asubuhi

Nunua mpya ya USB. Mia sita, mia saba, Moi Avenue zimejaa. Uzi ufungwe.

KahawaTungu | Jumatatu, saa 4 asubuhi

Mimi nataka kujua tu kama MRS alilipa ushuru 😂

FundiWaTaratibu | Jumatatu, saa 6 mchana

Dada, kabla ya lolote: usiichomoe tena mashine ikiwa inawaka. Kichwa hicho cha duara kinaitwa PS/2, jina limetoka kwa kompyuta za IBM za mwaka 1987. Hakikutengenezwa cha kuchomoa na kuchomeka ovyo kama USB. Ukikitoa na kukirudisha katikati ya kazi, mara nyingi mashine haiitambui kibodi tena mpaka uizime na kuiwasha. Bahati ikiwa mbaya unaunguza fyuzi ndogo kwenye mothabodi, lile bao kuu ndani ya kompyuta, na hapo hata ukileta kibodi ya dhahabu haitaandika.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Umeueleza vizuri kuliko wateja wangu wengi, ambao hunipigia simu wakaniambia "haifanyi" halafu wakanyamaza. Tazama kibodi yako: 3, E, D, C. Ziko mstari mmoja unaoshuka mshazari. Kitufe kimoja kikifa peke yake, mara nyingi ni uchafu au kile kipira cha chini kimechoka. Vinne vya mstari mmoja vikifa kwa pamoja, usivishughulikie kimoja kimoja, maana kuna njia ya umeme inayovilisha vyote na hiyo ndiyo imekatika.

Ndani ya kibodi kuna vitufe zaidi ya mia, na si kila kimoja kina waya wake. Ifikirie nyumba ya Kiswahili: vyumba huku na huku, ukumbi katikati. Ukumbi ukizibwa, vyumba vyake vyote havifikiki, hata kama ndani ya kila chumba kuna mtu mzima amekaa kitako anakungoja.

Na hilo kofi lako ndilo lililonichekesha kisha likanipa jibu. Kwenye kibodi nyingi, chini ya zile taa tatu ndipo kinapokaa kibao kidogo kinachosoma vitufe. Karatasi ya plastiki yenye njia za umeme ina mkia, na mkia huo umebanwa tu juu ya kibao, haukuchomelewa. Ukipiga kofi unauminya uguse vizuri. Ukilegea, ukumbi umezibwa tena.

Lakini hakikisha kwanza kwamba si Windows. Kwa mausi: Start, All Programs, Accessories, Ease of Access, On-Screen Keyboard. Itatokea kibodi kwenye skrini. Bonyeza E kwa mausi. Ikiandika, Windows haina kosa. Kisha zima, azima kibodi ya duara ya mwenzako, chomeka kwako, washa. Ikiandika herufi zote, tundu nalo halina kosa. Hapo kizimbani atabaki mmoja.

BintiShimanzi | Jumanne, saa 3 asubuhi

Ahsante fundi. E ya kwenye skrini inaandika, Windows nimeitoa lawamani.

Ila kabla sijaazima kibodi ya mwenzangu, bosi aliusoma ushauri wa Chipukizi akiwa nyuma ya bega langu. Akamtuma kijana, ikaletwa USB mpya, nyeusi, inang'aa. Nikazima kwa adabu kama ulivyosema, nikatoa ya zamani, nikachomeka mpya, nikawasha.

Skrini nyeusi, maandishi meupe: "Keyboard error or no keyboard present". Chini yake: "Press F1 to continue". Nabonyeza F1, kimya. Nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Sasa hata MRS siwezi kuandika.

KahawaTungu | Jumanne, saa 3 asubuhi

Ni kama mtu kukupigia hodi akisema "kama hakuna mtu humo ndani, niitikieni".

MjuajiTudor | Jumanne, saa 5 asubuhi

Kuna ile adapta ndogo ya zambarau, USB upande huu, PS/2 upande ule. Dakika moja kazi imekwisha. Na hiyo hadithi ya fyuzi ni ya kutishia watoto. Mimi nimechomoa PS/2 miaka kumi mashine zikiwaka, sijaunguza hata moja.

FundiWaTaratibu | Jumanne, saa 7 mchana

Mjuaji, wapo pia wanaoruka kutoka kwenye feri ya Likoni kabla haijagusa ng'ambo, na wengi wao hufika kazini salama.

Adapta unayoisema ni waya tupu, haitafsiri kitu. Inafaa kwa kibodi iliyotengenezwa kujua lugha zote mbili, ile iliyokuwa ikija na adapta yake ndani ya boksi. Nyingi za siku hizi zinajua USB peke yake. Ataichomeka na taa hazitawaka.

BintiShimanzi, nijibu mawili. Ukiwasha asubuhi, saa ya kompyuta inasoma sawa? Na hilo neno F1, leo ndiyo mara yako ya kwanza kuliona?

BintiShimanzi | Jumanne, saa 8 mchana

Saa? Kila asubuhi inasema ni Januari 2009. Nairekebisha ndipo naanza kazi. Nisipoirekebisha, tovuti nyingi zinagoma kufunguka, zinasema si salama. Na F1 naibonyeza kila siku tangu nilipoajiriwa. Dada aliyeniachia meza alinielekeza hivi: washa, ngoja, F1, weka tarehe, teremka ukanywe chai na mahamri. Nilidhani kompyuta zote huamka hivyo.

Chipukizi_Buxton | Jumanne, saa 8 mchana

Wallahi hata mimi.

FundiWaTaratibu | Jumanne, saa 3 usiku

Poleni nyote wawili.

Kwenye mothabodi kuna betri bapa kama sarafu, inaitwa CR2032, volti 3. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya mwanzo wakati stima imezimwa. Yako imekufa, pengine miaka. Jioni mkifunga ofisi mnazima pale ukutani, asubuhi mashine inaamka imesahau kila kitu: leo ni lini, na tena, jambo linalokuumiza leo, kama inatakiwa kuisikiliza kibodi ya USB kabla Windows haijaamka. Mashine za umri huo zina mpangilio wa kuisikiliza USB tangu mwanzo, lakini nyingine hutoka kiwandani mpangilio huo umezimwa. PS/2 husikika tangu mashine inapovuta pumzi ya kwanza, ndiyo maana ile kibodi yako mbovu ilikuwa ikipitisha F1 bila taabu. Kwa bahati F1 haikuwa kwenye ule ukumbi uliozibwa.

Kwa hivyo kila siku mashine ilikuwa ikikulalamikia betri, na wewe ukiinyamazisha kwa F1. Leo inalalamikia betri na kibodi pamoja.

Tovuti kugoma ni mtoto wa betri hiyo hiyo. Kila tovuti ya siri ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini tuko 2009 ikiona cheti cha juzi, inakiona ni cha mtu ambaye hajazaliwa.

Fanya hivi, taratibu. Azima ile kibodi ya duara ya mwenzako. Zima mashine, chomoa waya wa stima kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu. Shika chuma cha boksi kwanza, utoe umeme wa mwilini, maana ukishavua sweta la AC pale ofisini unakuwa nao. Betri utaiona, iko wazi, pembeni yake kuna kijino cha chuma. Kisukume kwa ukucha, betri itachomoza yenyewe. Mpya iingie ile sura yenye alama ya kujumlisha ikikutazama. Rudisha stima, washa, gonga Delete mfululizo mpaka menyu itokee. Weka tarehe na saa. Tafuta palipoandikwa USB Keyboard Support, au USB Legacy, weka Enabled. Ukiona Halt On, chagua All, But Keyboard, ili siku nyingine isikwame kwa kukosa kibodi. F10, kubali, toka.

Na hili nalisema kwa sauti: PA DISKI USIPAGUSE. Ukiona IDE au AHCI, ambazo ni namna mbili za mashine kuzungumza na diski, acha ilivyo. Windows 7 iliyowekwa kwa moja ukiigeuzia ya pili huamka na skrini ya bluu, na nyinyi diski ya kuiweka upya ile programu hamna. Tena mkipata nafasi nakilini hizo hesabu mahali pengine wiki hii hii. Windows 7 iliachwa kupewa viraka vya usalama Januari 14, 2020, na diski ya umri huo haipigi hodi ikitaka kufa.

BintiShimanzi | Jumatano, saa 5 asubuhi

Betri nimeipata kwa fundi saa karibu na Marikiti, shilingi mia. Aliniuliza ni ya saa gani, nikamwambia ni ya kompyuta, akashangaa kwamba kompyuta nazo huvaa saa.

Nimefungua mwenyewe. Ndani kuna vumbi la kufuma blanketi. Kijino nimekisukuma, betri ikaruka, ikaangukia chini ya feni, nikaitafuta kwa tochi ya simu huku bosi amesimama mlangoni kama daktari anayengoja maiti. Lakini nimemaliza. Tarehe nimeweka, USB nimeiweka Enabled, Halt On nimeiona na nimefanya ulivyosema. Pa diski nimepita macho nimeyafumba. Nikarudisha kibodi mpya, nikawasha, imepita moja kwa moja mpaka Windows bila F1! Mara ya kwanza tangu niajiriwe. Nimekosa hata la kufanya na mkono.

Sasa mtanicheka. Paswadi inakataliwa. Ni ile ile ya siku zote. Nimeandika pole pole, Caps Lock haiwaki, nimejaribu mara tatu. Kwani betri imesahau na paswadi?

MjuajiTudor | Jumatano, saa 5 asubuhi

Ndiyo maana nilisema adapta.

FundiWaTaratibu | Jumatano, saa 5 asubuhi

Betri haihusiki, paswadi ya Windows iko kwenye diski. Kuna alama yoyote ndani yake ambayo si herufi wala namba? Usituandikie paswadi yenyewe!

BintiShimanzi | Jumatano, saa 6 mchana

Kuna @.

Bi_Taipu | Jumatano, saa 6 mchana

Mwanangu, hebu toa mikono kwenye kibodi kabla mashine haijakufungia. Mimi nilifundisha kupiga chapa hapa Mombasa miaka mingi, tangu enzi ya mashine za utepe, na wanafunzi wangu wengine leo ni mabibi kama mimi. Nilikuwa nausoma uzi huu kimya kimya. Hapa ndipo pangu.

Kibodi uliyoitoa ni ya Uingereza. Hiyo uliyonunuliwa, kama nyingi zinazouzwa madukani kwetu, ni ya mpangilio wa Kimarekani. Tofauti zao ni chache lakini ni za kukera. Mwingereza ameweka alama za kunukuu juu ya 2, na @ ameipeleka kando, kwenye kitufe cha ritifaa (') karibu na Enter. Mmarekani amezibadilisha nafasi: @ juu ya 2, na alama za kunukuu kule kando. Juu ya 3 Mwingereza ana pauni yake, Mmarekani ana ile alama kama reli mbili zimepishana.

Sasa sikiliza, maana hili watu wengi hawalijui. Kompyuta haioni kilichochapwa juu ya kitufe. Inachopata ni nambari tu: kitufe fulani kimebonyezwa, na Shift imeshikwa. Herufi inaitafuta kwenye orodha yake yenyewe, na orodha ya mashine yenu ni ya Uingereza kwa sababu ndiko ilikotoka. Kwa hivyo wewe unabonyeza Shift na 2, macho yako yanasoma @, yenyewe inaandika alama ya kunukuu. Na kwenye paswadi vyote hivyo ni vidoti vyeusi, hakuna wa kukuambia.

Kwa sasa shika Shift, bonyeza kitufe kinachopakana na Enter upande wa kushoto, chenye ritifaa. Hiyo ndiyo @ yako. Skrini yenu ikiwa inauliza jina pia, iandike kwanza pale pa jina uione kwa macho, halafu uifute.

Ukishaingia, nenda Control Panel, Region and Language, Keyboards and Languages, uongeze ya United States. Baada ya hapo tahadhari na Alt ya kushoto ukiibonyeza pamoja na Shift. Inaruka kutoka orodha moja kwenda nyingine bila kukuaga.

Zamani hatukuwa na taabu hii. Nyundo ya herufi uliiona kwa macho ikipanda na kupiga karatasi. QWERTY ni ile ile tangu mashine za miaka ya 1870, na Shift ilikuja na Remington ya 1878, lakini herufi iliyochorwa kwenye kitufe ndiyo hiyo hiyo iliyotua.

BintiShimanzi | Jumatano, saa 7 mchana

Shikamoo Bi Taipu. Imefunguka. Nimeguna kwa sauti mpaka watu wa ofisi ya chini wamepanda kuuliza kuna nini.

Bi_Taipu | Jumatano, saa 7 mchana

Marahaba mwanangu. Kaa wima unapoandika.

Mwalimu_Likoni | Jumatano, saa 2 usiku

Samahani kuuvamia uzi. Shuleni tuna laptopu moja ya zamani, ukiandika "kiti" inatoka na namba katikati. Na kompyuta ya mezani ya ofisi ya mwalimu mkuu kitufe lazima ukishike muda ndipo kiandike, ukigusa kawaida hakijibu. Fundi wa mtaani anataka elfu mbili na mia tano abadilishe zote.

FundiWaTaratibu | Jumatano, saa 3 usiku

Mwalimu, weka pesa mfukoni. Laptopu: U imekuwa 4, I ni 5, O ni 6, J ni 1, K ni 2, L ni 3, M ni 0, sivyo? Ni Num Lock imewaka. Laptopu ndogo za zamani zilificha kibodi ya namba ndani ya herufi. Shika Fn, bonyeza Num Lock, kwenye nyingine Num Lock peke yake inatosha.

Ya mezani ni Filter Keys. Mtu akishika Shift ya kulia sekunde nane, Windows huamini ana mikono inayotetemeka, ikaanza kupuuza miguso mifupi. Mwalimu mkuu huegemea kibodi akiongea na simu?

Mwalimu_Likoni | Jumatano, saa 3 usiku

Kwa kiwiko cha kulia. Kila siku.

FundiWaTaratibu | Jumatano, saa 3 usiku

Ishike tena sekunde nane, au izime Control Panel kwenye Ease of Access. Kiwiko sina dawa yake.

BintiShimanzi, ile kibodi ya zamani usiitupe. Mashine yenyewe imeshapona, lakini mimi bado sijaridhika. Nataka kujua kama ule mkia niliousema ndio wenyewe. Jumamosi ukiwa na nafasi ifungue. Tafuta isopropili, spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, si ile spiriti ya kawaida ya duka la dawa, maana huwa ina mafuta ndani yake na huacha utando. Na ukiona sehemu nyeusi kwenye kibao pale mkia unapokaa, usiisugue ukidhani ni masizi. Huo weusi ni kaboni, ndio unaopitisha umeme. Ufute kama unayefuta uso wa mtoto.

BintiShimanzi | Jumamosi, saa 9 alasiri

Nimeifungua. Mkeka umetandikwa barazani, nyumbani Makupa, kibodi katikati, watoto wa jirani wamezunguka kama kuna mchezo.

Skurubu tisa nimezitoa, mfuniko umegoma. Ya kumi ilikuwa chini ya stika, nimeipata kwa kupapasa na kidole mpaka nikahisi shimo. Ndani, kwanza kuna vipira vyeupe kama chuchu za chupa ya mtoto, kimoja chini ya kila kitufe. Chini yake karatasi tatu za plastiki inayoonyesha, zimebebana. Ya juu na ya chini zina njia za rangi ya fedha, ya katikati ina matundu tu. Nimeelewa sasa: ukibonyeza, ya juu inapenya kwenye tundu na kuigusa ya chini.

Na mkia upo pale pale, fundi. Chini ya taa tatu. Umebanwa na ubapa wa plastiki wenye skurubu mbili, na moja ya hizo mbili ilikuwa imelegea kiasi cha kuzunguka kwa kidole. Kwenye njia moja, ya tatu kutoka ukingoni, kulikuwa na doa la kijani, kama lile la sarafu ya zamani iliyokaa kwenye ndoo. Meza yangu iko dirishani, tunatazama bandari, na AC ikizimwa tunafungua. Miezi ya kusi hata pini za stepla kwenye droo zinashika kutu.

Nimelifuta kwa pamba na isopropili mpaka pamba ikaacha kutoka kijani. Weusi sikuugusa kwa nguvu. Vitufe nimeviloweka kwenye beseni la maji ya sabuni, halafu nimevianika kivulini, vilale huko usiku kucha. Kabla ya kuving'oa nilipiga picha, maana Bi Taipu angenicheka nikirudisha M mahali pa N. Skurubu nimezikaza, iliyolegea nimeiongezea kipande cha karatasi ili ishike.

Vitu vilivyotoka ndani: pini kumi na nne, mbegu ya ndimu, kipande cha ubuyu kilichokuwa kimeganda chini ya Backspace, na laini ya simu ya kampuni ambayo sidhani hata ipo tena.

FundiWaTaratibu | Jumamosi, saa 10 alasiri

Njia ya tatu. Nimefurahi kama mimi niliyeifungua. Ukiichomeka Jumatatu, mashine iwe imezimwa!

BintiShimanzi | Jumatatu, saa 3 asubuhi

Nimeichomeka mashine ikiwa imezimwa, MjuajiTudor ni shahidi kwamba sikuruka feri. Imewaka bila F1, tarehe ni ya leo. E, D, C na 3 zote zinaandika, nimejaza ukurasa mzima bila kofi hata moja. Ya USB nimempa jirani yangu wa meza, yule wa kuhesabu makofi, maana yake imeanza kula R na F.

Neno la kwanza nililoliandika ni MERCEDES. Nimeprinti ankara mpya nimpelekee mteja achukue hii aturudishie ile. Amekataa. Anasema ile ya kwanza ameshaipigia mhuri kwao, imo kwenye faili, na mhasibu wao amekwisha mlipia huyo Bibi.